Mtu wa Mlangoni

Waliponiita kwenye kamati ya kupanga alama za kufaulu, nilidhani barua imepotea njia. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, tena darasa la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona. Lakini jina langu lilikuwa pale juu, Batula, na chini yake wameandika "mtaalamu wa mbuzi." Nikaikunja nikaitia kifuani. Mwanamke wa miaka sabini na kitu haitwi mtaalamu kila siku. Siku nyingi anaitwa aamke akapishe wageni mkeka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Huku kwetu, kati ya Garissa na Liboi, kila bulla, yaani kila kitongoji, ina msaidizi wa mifugo. Ni mtu wa hapo hapo anayekaa na sanduku la dawa, anachanja, anadunga sindano, na ugonjwa ukizuka anapiga simu mjini. Zamani ukitaka kazi hiyo ulihudhuria semina ya siku tatu, ukala wali, ukapewa cheti. Aliyesikiliza sana na aliyekula sana walipewa cheti kile kile. Basi mwaka juzi kijana mmoja wa cheti cha wali akawadunga mbuzi wa watu kipimo cha ngamia. Mbuzi kumi na wanane walianguka kabla ya adhuhuri. Wakubwa wa mradi wakasema basi, imetosha. Kila msaidizi, mpya na wa zamani, atafanya mtihani wa umilisi. Hataulizwa mbuzi ana miguu mingapi. Atapewa mbuzi, aonyeshe kazi. Atakayefaulu apate leseni, atakayeshindwa arudishe sanduku.

Nilisema, vyema. Na sikusema kwa ajili ya mbuzi peke yao. Msaidizi wa bulla yetu, Bulla Gorof, alikuwa Deka, na Deka nimemlea mimi. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ananiita habaryar, mama mdogo, ingawa mama yake nilimzidi miaka tisa na meno manne. Mumewe alikwenda Afrika Kusini kutafuta duka, akapata duka, akapata na mwenye duka, talaka ikaja kwa simu. Deka akabaki na wasichana wawili na ndoo ya kuchotea watu maji. Lile sanduku ndilo lililomtoa kwenye ndoo. Miaka sita watu wazima wakimpigia kelele kutoka mbali, "Daktari! Daktari, njoo!" naye anakimbia, buibui linapepea nyuma kama hema lililong'oka. Ukimtoa sanduku, unamrudishia ndoo. Hilo nilikuwa nalijua vizuri siku ile naingia kwenye mkutano.

Tulikutana mjini Garissa, kwenye ukumbi wa hoteli, baridi ya mashine mpaka magoti yananiuma. Aliyetuongoza alikuwa Murithi, mtu wa Meru ambaye kazi yake ni kutunga mitihani. Nilimwuliza mama yake anajua? Akacheka, akasema mama yake mpaka leo anadhani yeye ni mwalimu. Wanakamati tulikuwa wanne. Wilkister, afisa wa mifugo aliyetoka Siaya, amekaa kwetu miaka minane na anakula nyama ya ngamia kutushinda. Noordin, mwenye duka la dawa za mifugo. Mzee Kerrow, ndevu nyekundu kwa hina, mwenye ngamia ambao hakuna ajuaye idadi yao, maana hajawahi kuitaja. Na mimi.

Kwanza Murithi alitufanyisha mtihani sisi wenyewe. Alisema mtu hawezi kupima mzigo ambao hajaubeba. Kazi zilikuwa ishirini na tano, kila moja alama nne. Kumshika mbuzi, kumjua umri kwa meno, kusikiliza mapafu, kupima joto, kudunga chini ya ngozi, yote hayo tulipita tukiimba. Kisha ikaja chupa. Unapewa mbuzi wa kilo fulani na chupa yenye maandishi madogo ya Kiingereza, usome, upige hesabu, useme uvute dawa kiasi gani. Nikaisogeza chupa mbali na macho, nikaisogeza, mpaka ikafika puani kwa Noordin.

"Nisomee, Noordin. Mkono wangu umekuwa mfupi."

Noordin akanisomea chinichini. Mzee Kerrow naye alikuwa ameshikana na fomu ya kuripoti ugonjwa. Mwisho wake, penye nafasi ya jina la ugonjwa aliandika Kerrow.

Sikumcheka. Sawa, nilimcheka, lakini kwa ndani.

Ndipo Murithi akatueleza kazi yenyewe. "Msimfikirie msaidizi hodari," alisema. "Msimfikirie mjinga pia. Mfikirieni mtu wa mlangoni. Mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Hana ziada, lakini ukimpa sanduku hataua mbuzi wa mtu. Sasa wachukueni mia wa namna hiyo. Kwa kila kazi niandikieni ni wangapi kati ya hao mia wataifanya sawasawa. Nitajumlisha namba zenu, nigawanye, na hapo ndipo alama ya kufaulu itakapotoka. Haitoki kwangu, inatoka kwenu."

"Kwa hiyo tukiandika namba kubwa tunawainua," akasema Noordin.

"Hapana, ndugu. Ukiandika kubwa unainua kizingiti, na yule wa mlangoni anajikwaa. Msiwaombee, jamani. Hii si dua, ni makisio."

Tukatikisa vichwa wote wanne, kama mbuzi walio kwenye maji. Nadhani Wilkister peke yake ndiye aliyekunywa.

Kazi za mwanzo hazikuleta maneno. Tulipofika kwenye chupa, Murithi akataka tusome namba zetu kwa sauti, na Wilkister akaanza.

"Arobaini."

Mzee Kerrow akageuka polepole. "Arobaini watashindwa?"

"Arobaini wataweza, mzee."

"Na sitini?"

Wilkister akageuza kalamu yake.

"Naa, Wilkister. Sitini wamekufa? Umekaa kwetu miaka minane, umekunywa maziwa yetu, leo unasema watoto wetu sitini katika mia hawawezi kusoma chupa?"

"Mzee wangu, sisemi kwa ubaya. Ni Kiingereza, ni hesabu, na dakika ni tatu. Hata hapa ndani…"

"Hata hapa ndani nini?"

"Basi, mzee."

Mzee Kerrow akatuinulia kidole. "Mimi sihesabu ngamia wangu, sembuse watoto wa watu. Kinywa kikisema fulani atashindwa, malaika wanaitikia amina. Mnataka niwaangushe mimi kwa mdomo wangu, kabla hawajashika sindano? Bwana Murithi, andika mia. Kila mahali andika mia. Inshallah."

Siwezi kusema hakujua. Nusu saa nyuma alikuwa ameandika jina lake kuwa ni ugonjwa. Lakini kwetu huwezi kumtaja mtoto wa mtu ukamtabiria kuanguka. Ukiulizwa hali ya mgonjwa ambaye sanda yake imeshakatwa, unasema anaendelea vizuri. Ndivyo tulivyolelewa. Swali la Murithi lilikuwa limetutaka tufanye kwa kalamu kile ambacho mama zetu walitupiga makofi kwa kukifanya kwa mdomo.

Ikafika zamu yangu. Mimi nilikuwa nimeshamwona mtu wa mlangoni. Tangu Murithi alipomtaja nilimwona, amevaa buibui la Deka. Deka mikono yake ni dhahabu. Akimwekea mbuzi sikio ubavuni anakwambia mapafu yameoza upande gani. Lakini umpe karatasi, midomo inaanza kucheza, anasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Anavuka, ndiyo. Anachelewa. Namba ilinijia kichwani yenyewe: arobaini na tano. Ilikuwa namba nzuri, ya kweli, imenikalia kwenye ncha ya kalamu.

Nikainua macho. Noordin ananitazama, Mzee Kerrow ananitazama, na wote wanajua Deka ni wa kwangu. Nikiandika chini watasema bibi ameinua pazia mtoto wake apite. Na yule Wilkister, Mungu anisamehe, arobaini yake ilikuwa imenichoma, tena ilinichoma kwa sababu ilikuwa karibu sana na yangu. Nikafanya ninachofanya siku zote ukweli ukinikaba. Nikawachekesha.

"Mia na mmoja," nikasema. "Huyo wa ziada ni mbuzi mwenyewe. Amedungwa mara nyingi mpaka amejua kipimo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Noordin alijifuta machozi kwa kofia. Mzee Kerrow, ambaye hacheki bila sababu ya kidini, alicheka mpaka ndevu zikatikisika. Hata Murithi alicheka, kisha akasema taratibu, "Namba ya kweli, Mama."

Nikaandika tisini na tano.

Na mtu akishachekesha watu kwa mia na mmoja, kazi inayofuata atashukaje hadi hamsini? Sikuweza. Kila walipofika kwangu walikuwa wameshatabasamu wananisubiri, nami nikawapa. Tisini na nane. Mia. Tisini na sita, huyo aliyebaki ana homa. Asubuhi nzima niliuza watoto wa watu kwa kicheko.

Baada ya chakula Murithi alibandika namba zote ukutani, bila majina, ingawa hata mhudumu wa chai angejua ipi ni ya nani. Alisema huu ni mzunguko wa pili, mtu anaruhusiwa kubadilisha. Wilkister alikuwa na wastani wa hamsini na tano. Akakaa akiukodolea macho, kisha akaupandisha mpaka sitini na mbili. Hakubadilisha mawazo, maskini. Alikuwa anaishi nasi na alitaka kuendelea kuishi. Noordin alikuwa themanini. Mzee Kerrow tisini na nane, maana Murithi alimsihi aache nafasi ya Mungu. Mimi tisini na sita.

Murithi alinifuata kwenye birika la chai. "Mama Batula. Asubuhi wewe mwenyewe hukuisoma ile chupa."

"Macho yangu ni ya zamani. Ya kwao mapya."

"Mtu wa mlangoni ataisoma? Kwa dakika tatu?"

Nikakoroga chai iliyokwisha korogwa. Kama kuna mlango niliofunguliwa wazi maishani mwangu ulikuwa ule, na aliyeushikilia alikuwa Mmeru mwenye shati la mikono mirefu na uso wa huruma.

"Iache ilivyo," nikasema.

Akajumlisha, akagawanya kwa nne. Themanini na nne. Alituambia wazi kwamba ni alama kubwa, kwamba ni ya watu waliopita chuoni. Mzee Kerrow akasema alhamdulillahi, watoto wetu si wadogo. Tukafunga mkutano kwa dua. Tulimwomba Mungu awafaulishe wote, na mlango tumeukomea wenyewe.

Mtihani ulifanyika kwenye uwanja ulio karibu na soko la mifugo. Wanakamati hatukuruhusiwa kuingia, kwa hiyo nilisimama nje ya waya pamoja na mama za watu, tukitafuna vumbi. Watahiniwa walikuwa arobaini na sita. Vituo sita, filimbi ikilia unahama.

Ningependa mngemwona Deka. Mbuzi wake alikuwa beberu mwekundu, mkorofi, ameshamwangusha kijana mmoja wa mjini aliyevaa viatu vyeupe. Deka hakumkimbiza. Alimpitia kwa nyuma kama anakwenda zake, akamdaka mguu, akamlaza, na beberu akatulia kama ameambiwa siri. Akaweka sikio ubavuni. Akavuta ngozi ikasimama, sindano ikaingia, ikatoka, mnyama hakulia. Mwanamke mmoja karibu nami akasema, "Mashallah, huyu wa nani?" Nikasema wa kwangu, na nikavimba.

Kisha kituo cha chupa. Nikaona midomo inaanza kucheza. Anaangalia mbuzi, anaangalia chupa, anahesabu kwa vidole dhidi ya paja. Filimbi.

"Nilipata jibu, habaryar," aliniambia tukirudi. "Walahi nilipata. Ila filimbi ilinikuta sijaliandika. Na ile fomu ilikuwa ndefu, maneno mengine sijawahi kuyaona."

"Umefaulu," nikamwambia. "Nilikuona."

"Unadhani wataweka alama gani?"

"Hao? Hata sijui wanapikaje mambo yao."

Nilimdanganya nikitazama mbele, na yeye akanipa maji yake ya chupa ninywe kwanza.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki mbili. Deka alipata themanini na moja.

Waliofaulu walikuwa sita katika arobaini na sita, wote vijana wa mjini, wamesoma mpaka kidato cha nne na zaidi. Yule wa viatu vyeupe alikuwamo. Beberu alimwangusha lakini chupa aliisoma kama gazeti. Kati ya wasaidizi wa zamani hakupita hata mmoja. Watu walisimama mbele ya ule ukuta bila kelele, na ukiona Wasomali arobaini wamesimama mahali pamoja bila kelele, ujue kuna maiti.

"Themanini na nne imetoka wapi?" Deka aliuliza.

Karani aliyekuwa mlangoni akajibu, "Si sisi. Wataalamu wenu wenyewe ndio walioweka."

Deka akaniangalia, kwa kuwa alijua niliitwa kwenye kikao, ingawa sikuwahi kumwambia cha nini. Hakuniangalia kwa shuku, aliniangalia tu kama mtu anayetafuta pa kuegemea. Mimi nikatazama kiatu changu kana kwamba ndicho kilichoulizwa.

Kesho yake nikamwendea Murithi ofisini, nikasimama mbele ya meza yake.

"Nipe karatasi yangu nifute."

"Kaa, Mama."

"Sikai. Nilikuwa nafanya mzaha. Andika namba zangu za kweli."

"Zilikuwa ngapi?"

Nikamtajia moja moja, kazi ishirini na tano, bila kusita, kwa sababu zilikuwa zimekaa kichwani siku zote hizo kama wageni waliokosa kitanda. Akaziandika. Hakutaka kuzijumlisha, nilimlazimisha. Wastani wangu wa kweli ulikuwa sabini na mbili. Akaingiza mahali pa tisini na sita, akagawanya, akanigeuzia mashine ya hesabu nione mwenyewe. Sabini na nane.

"Kwa sabini na nane wangefaulu wangapi?"

"Mama…"

"Wangapi?"

"Kumi na tisa."

Nikakaa.

Murithi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema hawezi kubadilisha namba ya mtu mmoja baada ya matokeo kujulikana, kwani kesho kila mwenye mtoto angekuja na kifutio. Lakini palikuwa na njia. Kanuni inaruhusu kamati kukutana tena mara moja, na ikikubali kwamba ilikisia juu mno, inaweza kushusha. Sharti wanakamati wote wanne waweke sahihi kabla ya Ijumaa. Yeye mwenyewe angefurahi.

Wilkister aliweka sahihi akiwa amesimama. Noordin alikuna kichwa, akaniuliza kama nina hakika, akaweka. Alisema sheria mpya inamkataza kuuza dawa ya sindano kwa asiye na leseni, na wenye leseni wakiwa sita tu, nani atanunua. Ikabaki sahihi moja.

Nilimkuta Mzee Kerrow barazani kwake, ameshika tasbihi. Nilimsalimu vizuri, nikamweleza vizuri, nikaweka karatasi mbele yake. Hakuigusa.

"Batula. Ulisema mia na mmoja mbele ya watu."

"Nilifanya mzaha, Kerrow."

"Mimi sikufanya. Mimi niliwaombea."

"Na Mungu ametujibu. Amesema tuandike upya."

"Usimcheze Mungu kama unavyotuchezea sisi." Akahesabu shanga tatu, nne. "Unajua watasemaje? Watasema Wasomali walipunguziwa. Shuleni wametupunguzia, mahindi ya msaada wametupunguzia, sasa tukawaombe watupunguzie na alama? Yule mwanamke alisema arobaini. Nikiweka sahihi hapa, ameshinda. Nimekubali kwamba watoto wetu ni arobaini."

"Deka alikosa alama tatu. Ana watoto wawili."

"Hamse wangu alipata sabini na tisa." Alisema hivyo bila kuinua sauti. Hamse ni mjukuu wake, msaidizi wa bulla ya jirani, kijana aliyezalisha ngamia kabla hajaota ndevu. "Unadhani mimi hesabu sijui? Kwa sabini na nane yako anapita. Ameketi ndani humo siku ya tatu hali chakula. Na sahihi siweki."

Nikabembeleza. Nikalia, na mimi silii bure. Mwisho nikajaribu hata kumchekesha. Nikamwambia kwamba ugonjwa unaoitwa Kerrow umefika kwetu na hauna chanjo. Akafumba macho akaendelea na shanga zake. Nilirudi Ijumaa asubuhi, wakaniambia amekwenda Hadado kuangalia ngamia.

Wilkister ndiye aliyekuja na gari kuchukua sanduku. Hakutaka kutumwa, lakini hakukuwa na mwingine. Deka alikuwa ameosha mabomba ya sindano kwa maji ya moto, amefuta chupa moja moja, amekunja hata kitambaa cha chini. Wilkister akasoma orodha, Deka akitoa. Kipimajoto kimoja. Mabomba manne. Boksi la barafu na mfuniko wake. Walipomaliza, Wilkister alijaribu kumkumbatia, na Deka akampa mkono.

"Mtihani mwingine lini?" nikauliza.

"Walisema baada ya miaka miwili, Mama. Pesa ikipatikana."

Bulla yetu ilipewa yule kijana wa viatu vyeupe. Alikuja mara moja, akapiga picha na watoto, akaacha namba ya simu. Namba hiyo ukiipiga, mwanamke anakuambia mteja hapatikani, tena anakuambia kwa lugha mbili.

Kikohozi kilianza kwa mbuzi wa Abshiro, jirani yetu wa upande wa kisima. Tunakiita sambab, homa ya mapafu. Mbuzi anasimama shingo mbele, miguu ameitanua, anakohoa, na siku ya nne amelala. Ikikamatwa siku ya kwanza, sindano mbili zinatosha. Abshiro alikuja akikimbia, akaita kama alivyozoea, "Daktari! Deka, njoo!"

Deka alitoka, akasimama penye kivuli, mikono nyuma.

"Mimi si daktari, abaayo, dada yangu. Sikutosha."

"Njoo usikilize tu. Sikio halina leseni."

"Nikisikia nitafanya nini?"

Abshiro akanigeukia mimi, nami nikamwambia Deka aende, asiwe mkaidi, kila mtu anajua kwamba yeye anaweza. Hapo akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukuta.

"Nani anajua, habaryar? Waliokaa kikao walisema mtu anayetosha ni wa themanini na nne. Ni watu wetu. Wananijua kuliko ninavyojijua."

Abshiro alipoondoka nikamwambia. Nilimwambia yote, mia na mmoja, kicheko, birika la chai, sabini na nane. Nilidhani atapiga kelele, nikawa nimejiandaa kwa kelele. Alisikiliza akiondoa mawe kwenye mchele, na hakuacha hata jiwe moja.

"Ulipoandika, ulikuwa unanifikiria mimi?"

"Wewe tu."

"Na kichwani mwako nilikuwa ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Kwa hiyo ulinijua," akasema. "Nilidhani hukunijua."

Akaosha mchele, akaupika, akanipakulia kwanza.

Jumamosi alipata nafasi kwenye lori la Hagadera. Kuna mwanamke kule ana hoteli karibu na soko la kambi ya wakimbizi, anataka mtu wa kuosha vyombo na kuchota maji. Wasichana waliwekwa juu ya magunia, mkubwa amemshika mdogo. Nilikuwa nimekesha usiku nikitafuta neno la kuwachekesha wakati lori linaondoka, hata dogo. Nilisimama pale mdomo wazi mpaka vumbi likatua.

Mbuzi wa Abshiro wamekwisha. Leo alfajiri wa kwangu mmoja amesimama, shingo mbele. Nilimwekea sikio ubavuni. Ni upande wa kushoto, na ni siku ya kwanza. Dawa yake naijua, kipimo chake nakijua, na iko Garissa ndani ya kabati, imefungwa.